Gari la Viti Viwili



Yako mambo ambayo mtu huyanunua kwa fedha zake, na yako mengine ambayo huyanunua kwa kumbukumbu za utoto wake. Jambo ninalotaka kukusimulia Jumapili hii nililinunua kwa vyote viwili. Na fedha zenyewe, kama utakavyoona, hazikuwa zangu peke yangu. Sikuandikii ili nijisifu, wala ili nijitukane. Nakuandikia kwa kuwa najua wako wafanyakazi wenzangu wengi mjini humu ambao kila wapitapo kando ya gereji wakaona gari la zamani limelala chini ya mwembe, hupunguza mwendo, hugeuza shingo, na kuanza kupiga hesabu kichwani. Hesabu hizo nilizipiga mimi mwaka 2011. Nilikosea, si katika kujumlisha, bali katika kusahau kuhesabu watu.

PICHA YA UKUTANI

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la mkonge huko Korogwe. Katika nyumba yetu ya udongo palikuwa na picha moja tu ukutani, ambayo aliikata gazetini na kuibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ilikuwa picha ya gari dogo, refu mbele na fupi nyuma, lililojaa tope hata rangi yake isijulikane. Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z, lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na Hans Schüller akimsomea njia. Gari lililoshika nafasi ya pili mwaka ule lilikuwa la aina ile ile, mikononi mwa Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 naye alikuja kuwa wa kwanza, tena kwa Datsun 240Z.

Baba hakuwahi kuligusa gari la namna hiyo maishani mwake. Lakini jioni, akiisha kuoga na kukaa mkekani, aliitazama picha ile kama mkulima atazamavyo shamba lililostawi la jirani. Akaniambia, "Magari ya mapambo ni mengi, mwanangu. Wewe tazama tope lile. Gari la mapambo halichafuki hivyo."

Nyumba ile ilianguka kwa mvua, na picha ikaenda na udongo wake. Maneno ya baba yakabaki kwangu. Ndiyo maana siku mwenzangu mmoja kazini aliponiambia kwamba huko Arusha yuko mzee mwenye Datsun 240Z ya mwaka 1972, imefunikwa turubai bandani na haijawashwa miaka mingi, niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda basi la alfajiri.

SWALI MOJA

Wakati huo tulikuwa tukijenga huko Kimara. Kuta zilikuwa zimesimama, na tulikuwa tumeweka akiba ya shilingi milioni saba kwa ajili ya mbao na bati. Zaidi ya nusu ya fedha hizo alizipata mke wangu kwa kuuza vitenge na kwa mgawo wa kikoba chake. Mimi nilikuwa mtunza hazina tu, kwa sababu akaunti ya benki ilikuwa kwa jina langu.

Mzee wa Arusha alitaka milioni sita na nusu. Nililizunguka gari lile mara tatu. Nilipoliinua turubai likaonekana bega lake la nyuma, nilisikia harufu ya nyumba yetu ya Korogwe. Nikalipa. Kisha nikamlipa mwenye lori atakayelibeba hadi Dar es Salaam, maana halikuweza kwenda lenyewe. Hayo yote yalipokwisha, ndipo nilipompigia simu mwenzangu.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Aliniuliza swali moja tu: "Lina viti vingapi?"

Nikamjibu kwamba lina viti viwili.

Nyumbani kwetu tulikuwa watu watano. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, safari njema," akakata simu.

UTAMU WAKE

Nisikudanganye, ndugu msomaji. Gari lile lilikuwa tamu, na mtu akikwambia kwamba anayependa gari la zamani ni mwendawazimu tu, ujue hajaketi ndani yake saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Morogoro ikiwa bado tupu.

Nilimpata fundi mmoja mzee huko Ilala, aliyeanza kazi ya gereji akiwa kijana wakati Datsun zilipojaa mjini. Alipofunua mfuniko wa injini alitabasamu kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. Akaanza kusema peke yake, "Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne." Nilipomwuliza ni namba gani hizo, akaniambia ndio utaratibu wa kuchoma moto katika silinda sita za injini ile. Miaka yote hiyo hakuusahau.

Gari hili lilitoka Japani mwaka 1969, ambako kwao liliitwa Fairlady Z. Injini yake ina ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, na zinalishwa na kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda tatu. Kabureta hizo sharti zivute hewa kwa kiasi kimoja, kama watu wawili waliobeba machela. Mmoja akilegea, mgonjwa huanguka. Yule mzee hakutumia chombo chochote kuzipima. Alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni, ya pili akaisogeza mdomoni mwa kabureta, akasikiliza mvumo wake. Kisha akahamia ya pili, akakaza skrubu kidogo, akasikiliza tena. Alifanya hivyo kwa muda wa saa nzima, na alipomaliza, injini ilinguruma kwa sauti moja kama kinanda.

Gari lenyewe ni jepesi, lina uzito wa tani moja na kidogo tu, na matairi yote manne hufuata barabara kila moja kwa nafsi yake. Usukani hukueleza kila kokoto unalolikanyaga. Vijana barabarani walinipungia mikono, wazee wakasimama kunisimulia habari za mashindano ya zamani. Mimi, karani wa ngazi ya kati, nilijiona mtu.

"KILA SIKU" NI NENO ZITO

Gari la namna hiyo ukilitoa Jumapili moja kwa mwezi, litakuwa mgeni wako. Ukilitumia kwenda kazini kila siku, linakuwa mtu wa nyumbani, nalo hula kila siku.

Kwanza lilikataa foleni. Feni yake ya rejeta inazungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Maana yake, injini ikizunguka polepole, feni nayo huzunguka polepole, wakati ule ule ambapo joto limezidi na upepo hakuna. Halafu kabureta zimekaa juu ya bomba la moto la ekzosi. Ukizima gari mchana wa jua, petroli iliyomo ndani ya kabureta huchemka, na ukirudi baada ya robo saa, gari haliwaki. Tuligundua baadaye kwamba kiwandani huwekwa ngao ya bati kati ya kabureta na ekzosi, lakini fundi fulani wa zamani aliitoa na hakuirudisha. Kwa ajili ya kipande hicho cha bati nilisukumwa na wapita njia mara nne.

Tena kuna platinamu za moto, ambazo huliwa taratibu na hutaka kusafishwa na kupimwa. Kuna valvu, ambazo nafasi zake hupimwa kwa bati jembamba. Kuna mafuta mepesi ya kutia katika vichwa vya kabureta. Magari ya siku hizi yamemwondolea mwenye gari kazi hizi zote, ndiyo maana tumesahau kwamba ni kazi.

Kuhusu vipuri, nilishangaa kwamba injini haikunisumbua sana. Ni ndugu wa damu wa injini ya Datsun 1600, na ukoo huo uliendelea hadi katika Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980, kwa hiyo fundi mwenye macho huokota kitu hapa na pale. Shida ilikuwa bodi. Kutu ilianzia chini ya betri, ambako asidi hudondoka, ikatembea chini ya mazulia hadi sakafu ya nyuma. Taa, vioo, na mipira ya milango havipatikani mjini. Sharti viagizwe ng'ambo, na bei yake ukiitaja mbele ya mke wako, utaitaja kwa sauti ya chini.

Fundi aliniandikia orodha ya mambo kumi na moja ya kutengeneza. La saba lilisomeka hivi: "Mpira wa mlango wa nyuma umekufa." Niliuliza bei yake. Kisha nikachukua kalamu, nikalifuta jambo la saba, na fedha hizo nikazitia katika rangi. Nilichagua rangi ya machungwa.

Nakuomba, msomaji, ulikumbuke jambo hilo la saba.

ASIYEUMWA JUMAMOSI

Binti yetu wa kwanza alikuwa na umri wa miaka tisa, akisoma shule moja katikati ya mji, karibu na kazini kwangu. Kwa hiyo kiti cha pili kilikuwa chake. Alikipenda. Aliketi amenyooka kama bibi harusi, na begi lake miguuni.

Baada ya mwezi mmoja akaanza kulalamika kuumwa kichwa. Mara nyingine akifika nyumbani alisusa chakula, akalala mapema. Mimi nikasema ni masomo mengi. Tukampeleka kupimwa macho. Macho yalikuwa mazima. Tukampima malaria, hakuwa nayo. Nilipomwona anatokwa na jasho garini nilimfungulia dirisha, nami nikafungua la kwangu, ili apate upepo.

Usiku mmoja mama yake, akiwa anakunja nguo, akaniambia bila kuniangalia: "Baba watoto, mtoto huyu haumwi kichwa Jumamosi wala Jumapili."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Nasema nilichokiona. Siku asizopanda gari lako, haumwi."

Nilikasirika. Niliona kwamba sasa ameipata njia ya kulipiga vita gari langu, na kwamba bati zile alikuwa hajazisahau. Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, si kwa sababu yalikuwa matusi, bali kwa sababu yalikuwa ya kijinga. Akakunja nguo zake zote hadi mwisho, akazima taa.

Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili mwaka 2012, masika yakiwa yamepamba moto, tulitoka mjini saa kumi na moja jioni. Mvua ilikuwa kubwa, tukapandisha vioo tukaacha upenyo wa kidole tu. Kutoka Magomeni hadi karibu na Ubungo tulitumia muda wa saa mbili. Magari yalikuwa yamesimama kama mawe ya mto. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kizito, nikadhani ni uchovu. Binti yangu akasema, "Baba, nimechoka," akaegemeza kichwa mlangoni, akasinzia. Nikafurahi kwamba amepumzika.

Tulipokaribia taa za Ubungo nilimwita ili nimwonyeshe gari moja lililotumbukia mtaroni. Hakuitika. Nikamwita tena. Nikamgusa bega, na kichwa chake kikaniangukia mkononi kama cha mtoto mchanga.

Sikuzima injini wala sikufunga mlango. Nilimbeba, nikakimbia naye kwenye mvua katikati ya magari, viatu vyangu vikibaki kwenye tope. Kijana mmoja muuza maji akanishika mkono, akanielekeza kituo cha afya kilichokuwa karibu, akakimbia mbele yetu akipiga mayowe watu watupishe. Mvua ile ikimpiga usoni, na hewa safi ikimwingia, mtoto akakohoa, akatapika begani pangu. Hakuna kitu kizuri nilichowahi kumwagiwa kuliko hicho.

Daktari alikuwa kijana. Alimwekea oksijeni, akamsikiliza moyo, kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Mzee, nyumbani mnalala na jiko la mkaa ndani?"

Nikamwambia, "Hapana, daktari. Tulikuwa kwenye gari."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Basi," akasema, "gari lenu ni jiko la mkaa."

HEWA ISIYO NA HARUFU

Sote tumesikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa, zisiamke asubuhi. Kinachoua ni hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, hata damu inakosa nafasi ya kubeba pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, na usingizi. Yaani dalili ambazo mzazi yeyote huziita malaria au uvivu. Mtoto huumia haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu hupumua upesi zaidi.

Hewa hiyo hutoka katika bomba la moshi la kila gari la petroli. Magari mapya yana kichujio katika ekzosi kinachoipunguza sana. Gari la mwaka 1972 halina, na gari la kabureta likilishwa petroli nyingi kupita kiasi huitoa kwa wingi. Nyuma ya gari lenye umbo kama lile langu, upepo hujikunja likiwa mwendoni, ukaurudisha moshi kwenye mlango wa nyuma. Mpira wa mlango ukiwa umekufa, moshi hupenya. Sasa sikia jambo ambalo hadi leo hunikosesha usingizi: ukifungua madirisha ya mbele wakati gari linakwenda, hewa ya ndani huvutwa nje, na mahali pake hujazwa na ile inayopenya kwa nyuma. Kila siku nilipokuwa nikimfungulia mwanangu dirisha ili nimsaidie, nilikuwa nikimvutia sumu.

Siku ya mvua gari lilikuwa limesimama, moshi umetanda chini yake, ukapanda kwa mlangoni na kwa matundu ya kutu ya sakafu ya nyuma. Lilikuwa jambo la saba, ndugu msomaji. Rangi ya machungwa ilikuwa inang'aa vizuri sana kwenye mvua.

DAFTARI

Mke wangu alifika saa tatu usiku, khanga yake imelowa. Aliketi upande wa pili wa kitanda, akaushika mguu wa mtoto. Nilisubiri aseme, "Nilikwambia." Hakusema usiku ule, wala hajasema mpaka leo.

Binti yetu alirudi nyumbani siku ya pili akiwa mzima, tukamshukuru Mungu. Jumamosi nikamwambia mke wangu kwamba nimempata mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumatatu gari litaondoka, na yeye hataliona tena.

Akaniambia, "Ulilinunua bila kuniuliza. Usiliuze bila kuniuliza."

Maneno hayo yalinikalisha chini. Nilidhani dhambi yangu ilikuwa gari, na kwamba nikiliondoa gari nitakuwa nimetubu. Yeye aliona kwamba natenda kosa lile lile kwa mara ya pili. Gari lilikuwa bati zake na mbao zake. Kuliuza kwa bei ya chuma chakavu ili roho yangu itulie kulikuwa kumwibia mara mbili.

Jumapili tulikaa mezani, akaleta daftari la shule lililobaki nusu. Tukaandika. Gari lisimame. Hakuna mtoto atakayelipanda hadi sisi wawili tukubaliane. Mimi nipande daladala, na fedha ambazo zingekwenda katika petroli na vipuri ziandikwe kila wiki katika ukurasa wa bati. Akaunti ya benki iwe ya majina mawili. Na orodha ya fundi isomwe na watu wawili, asiwepo mmoja mwenye kalamu ya kufuta.

Nilipanda daladala kwa mwaka mmoja na miezi mitano. Mara ngapi nilining'inia mlangoni nikilifikiria gari langu lililokauka uani! Lakini mwishoni mwa mwaka 2013 tulipiga bati, na mvua ya kwanza ilipolia juu yake, watoto walicheza.

Ndipo tulipoagiza mpira wa mlango wa nyuma, pamoja na mipira ya taa za nyuma, maana hapo nako moshi hupenya. Fundi alikata kutu yote ya sakafu, akachomelea bati jipya, akafunga ekzosi upya kutoka kwenye injini hadi mwisho, akapunguza petroli katika kabureta, na akairudisha ile ngao. Hatukupiga rangi.

KAMA BADO UNALITAKA

Kama baada ya haya yote bado moyo wako uko kwa gari la zamani, mimi si mtu wa kukukataza. Nakupa ushauri nilioulipia.

Kwanza, anza kwa mwenzako wa nyumbani kabla ya fundi. Asiyeshirikishwa katika kununua hatakuwa na subira katika kutengeneza, na atakuwa na haki.

Pili, bei ya kununua ni mlango tu. Weka kando fedha nyingine isiyopungua nusu ya bei hiyo kabla hujalipa. Kama huna, basi gari hilo huna uwezo nalo, hata kama fedha ya kulinunulia unayo.

Tatu, tazama chini kabla ya kutazama juu. Inua mazulia, tazama chini ya betri, gonga sakafu kwa kishikio cha bisibisi. Injini hutengenezeka popote palipo na fundi. Bodi iliyoliwa na kutu haina mwisho, hasa kwetu sisi wa pwani na chumvi yetu.

Nne, tengeneza kwanza yanayoua: breki, usukani, matairi, mikanda ya viti, njia ya petroli na njia ya moshi. Kisha yanayokuchelewesha. Rangi iwe ya mwisho.

Tano, pima mipira ya milango. Chukua ukanda wa karatasi, ufungie mlangoni, kisha uvute. Ukishikwa, mpira u hai. Ukitoka bila kushikwa, mpira umekufa. Fanya hivyo kuuzunguka mlango wote. Siku hizi pia viko vifaa vidogo vya betri ambavyo hulia vikikutana na kaboni monoksidi; vitafute, ukipata ufunge ndani. Na mtu akilalamika kichwa ndani ya gari lako, simamisha gari, mtoe nje, na umsadiki.

Sita, usilifanye gari la zamani kuwa tegemeo lako la pekee. Leo sisi wa Kimara tuna mabasi ya mwendokasi, na asubuhi gari likinuna, mimi hufunga mlango wake taratibu nikaenda kituoni bila kinyongo. Gari la zamani humvumilia mtu mwenye njia nyingine.

Binti yetu sasa ni mtu mzima, anajitegemea. Akija kututembelea yeye ndiye hufunua injini, akasafisha platinamu na kunisomea ile hesabu ya moja, tano, tatu. Mimi hushika tochi.

Na mama yake? Kwa miaka mingi hakulipanda. Hakukataa, alisema tu kwamba ana safari zake na gari lina safari zake. Sikumbembeleza. Kisha mwaka 2019 tulitakiwa kwenda Korogwe kulijengea kaburi la baba, na watoto wote walikuwa mashuleni. Alfajiri nilitoka uani nikamkuta amesimama nyuma ya gari, amejifunga khanga, ana kipande cha karatasi mkononi. Alikiweka mlangoni, akafunga, akavuta. Akasogea hatua moja, akafanya vivyo hivyo. Alizunguka mlango wote, kushoto, juu, kulia, chini, bila haraka.

"Umeshika," akasema.

Akazunguka upande wa pili, akaketi, akafunga mkanda.